"Has" ni neno moja tu, wasee

Wasee, tuseme ukweli. Hapa Kenya mtu anaweza kula pesa ya umma na asichekwe. Lakini sema "she have" mbele ya kamera uone. Hiyo klipu itazunguka WhatsApp wiki nzima.

Na sheria yenyewe ni ya dakika moja. I, you, we, they: hao wote wanachukua "have". He, she, it: "has". Yaani mtu mmoja au kitu kimoja unachokiongelea. "My brother has a car." "My brothers have a car." Ukiuliza au ukikana, "does" imeshabeba ile s, kwa hivyo unarudi kwa "have": "Does she have fare?" Hapo hata waliosoma shule za pesa nyingi hujikwaa.

Sasa cheki Kiswahili. Nina, una, ana, tuna, mna, wana. Na hapo ni watu tu! Kiti kina, viti vina, nyumba ina, nyumba zina. Mtoto wa Lamu anazijua kabla aanze shule. Sisi wa Nairobi tunasema "kiti iko na" na hakuna anayetuita wajinga. Waswidi nao wana "har" moja kwa kila mtu, na maisha yanaendelea. Hata Waingereza wenyewe, enzi za Shakespeare, walikuwa bado wanatumia "hath" pamoja na "has". Ni desturi, si akili.

Kinachoniuma ni hiki. Mtaani kwetu kuna fundi wa simu, mkali sana. Simu imeanguka kwa maji, anaifufua. Nimemwomba mara tatu turekodi video, anakataa. "Wewe uliacha chuo lakini Kiingereza unacho. Mimi watanimaliza kwa komenti." Nikamwambia basi tufanye kwa Kiswahili. Akasema wateja wa pesa hawataamini fundi wa Kiswahili. Na Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi!

Huku nje, jamaa mwenye "has" safi anabahatisha tu, na kazi anapewa yeye.

Kwa hivyo jifunze "has". Intavyu haitakuhurumia, na ni neno moja tu. Lakini siku utasikia mtu akisema "he have a point", wewe sikiza hiyo point kwanza.