Matundu Mawili Niliyoyaziba

Nilimdanganya mzee wa watu aliyeniamini, na pesa yake nikaichukua. Lakini aliyeumia zaidi si yeye. Ni muuza mitumba mmoja hapa Tanga, ambaye kwa maneno yangu aliitwa mwizi mbele ya wateja wake, nami nilipoujua ukweli nikanyamaza. Chanzo cha yote hayo ni plagi mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, nilizozichomeka pasipo pahala pake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Deki ya kwanza ya CD ya Sony ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, lakini kwetu Ngamiani watu wengi bado walikuwa wa kaseti, na penseli ya kuurudisha mkanda ukitoka. Jirani yetu, mstaafu wa reli, alikuwa mpenzi wa taarab kupindukia. Bintiye aliyekuwa Uingereza akamletea CD ya Ikhwani Safaa, kile kikundi kikongwe cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, na mzee akaona haya kuwa na CD bila cha kuichezea. Akaenda kwenye duka la mitumba ya Dubai, akanunua deki iliyotumika, kisha akaniita mimi niifunge. Nilikuwa na cheti cha ufundi umeme na mtaa mzima ulikuwa ukiniita injinia. Nililipenda jina hilo kuliko lilivyonistahili.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nyuma ya deki kulikuwa na matundu mawili ya kutolea sauti, jekundu la kulia na jeupe la kushoto. Amplifaya ya mzee ilikuwa ya enzi za santuri, na nyuma yake kulikuwa na safu ya matundu ya kupokelea: PHONO, AUX, TUNER, TAPE. Redio ilishika TUNER, deki ya kaseti ikashika TAPE. Zilizobaki wazi ni PHONO, maana gramafoni ya mzee ilikufa zamani, na AUX. Plagi hizi ni za namna moja, tundu lolote zinaingia. Nikachomeka PHONO kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Hapana sababu nyingine. Kando ya matundu yale kulikuwa na skrubu ndogo iliyoandikwa GND, ambayo haikuwepo kwenye matundu mengine yoyote, na injinia hakujiuliza ni ya nini.

Mzee akabonyeza OPEN, sinia ikatoka. Akaweka CD, akataka kuirudisha sinia kwa kuisukuma na kidole. Nikamzuia, nikamwonyesha kwamba kitufe kilekile ndicho kinachoirudisha, kwani ukiisukuma kwa nguvu unaweza kung'oa meno ya gia zake. Hilo nililijua, na nililisema kwa sauti ya kutosha ili wajukuu wasikie. Akabonyeza PLAY. Kwenye kioo namba zikaanza kukimbia.

Sauti nilikuwa nimeifungua kidogo tu, lakini spika zilinguruma. Besi imevimba, fidla zimezama, mwimbaji kama amefunikwa blanketi. Kanuni, ile ala ya nyuzi, haikusikika kabisa, na taarab ya Unguja bila kanuni unabaki na nini? Ala zikipanda pamoja, sauti inakwaruza. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, ndiyo hii CD wanayoisifu?"

Hapo nilipaswa kusema, ngoja nitazame vizuri. Nikasema, "Mzee, umeuziwa kimeo. Lenzi imechoka."

Fundi yeyote angenicheka. Lenzi ya CD ikichoka, wimbo huruka, hukwama, au deki huizungusha diski kisha ikakataa kuisoma. Haiongezi besi wala haifichi kanuni. Lakini "lenzi" lilikuwa neno zito, na wakati ule ndilo lililonijia.

Mzee alirudi dukani na neno langu mkononi. Mimi sikwenda; niliyasikia kwa waliokuwepo. Muuzaji aliapa kwamba deki aliijaribu na ilipiga vizuri. Mzee akamwambia injinia ameshapima. Watu wakajaa, mmoja akatia la kwake kuhusu mitumba ya Dubai, mwingine la kwake, mpaka likatoka neno mwizi. Mwishowe yule bwana, ili dukani pake pawe na amani, akamrudishia mzee nusu ya bei na deki akamwachia.

Mzee akaniletea niitengeneze. Nyumbani sikuwa na amplifaya, nilikuwa na hedifoni tu, zile zenye plagi nene, na mbele ya deki kulikuwa na tundu lake. Nikachomeka ili nisikie ubovu wenyewe. Nikasikia kanuni. Nyuzi zake zilikuwa zinahesabika moja moja, fidla ziko pahala pake, na mwimbaji unamsikia hadi anapovuta pumzi. Deki ilikuwa nzima kabisa.

Nilikaa na ile skrubu ya GND kichwani hadi usiku ukaenda. Kuna kitabu cha ufundi nilichokuwa nacho tangu chuoni, na mambo yote yalikuwamo, kwenye sura niliyoiruka. Sindano ya gramafoni hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi. Kwa hiyo njia ya PHONO ndani ya amplifaya huukuza umeme huo mara nyingi kabla ya kuupeleka mbele. CD inatoa volti 2 hivi, yaani mara 400 ya ile, kwa hiyo njia hiyo ilizidiwa, na ndiyo mikwaruzo. Tena santuri haichongwi na sauti kama ilivyo. Besi hupunguzwa ili mifereji isipanuke na kumaliza nafasi, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde ule mchakacho wa sindano. Kipimo cha kupunguza na kuongeza kiliwekwa mwaka 1954 na kampuni za santuri zikakifuata. PHONO kazi yake ni kugeuza: inairudisha besi na kuzishusha zile nyembamba. CD hairekodiwi hivyo, haina cha kugeuzwa. Kwa hiyo besi iliyokuwa sawa ikavimbishwa, na kanuni iliyokuwa sawa ikazamishwa. Deki haikuhusika. Duka halikuhusika.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee, nikachomeka AUX. Kazi ya kuchomoa na kuchomeka. Ikhwani Safaa wakaijaza sebule, na mzee akafumba macho. Aliponiuliza ilikuwa nini, nikamjibu nimebadilisha lenzi. Akatoa noti ya elfu tano, nikaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

Kisha nikaogopa. Ipo siku atakuja mtu anayejua, atashika waya mwenyewe, na kisa kitajulikana. Nikachukua tepu nyeusi ya umeme, nikaziba matundu mawili ya PHONO, na juu yake nikaandika kwa kalamu nyeupe: MBOVU. Nikamwambia mzee pale pana shoti, pasiguswe.

Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Nilimzika bila kumwambia.

Mwaka huu mjukuu wake alinijia amekasirika. Amerithi santuri za babu, amenunua gramafoni ya mitumba, na sauti haitoki. Inasikika kwa mbali, nyembamba, haina besi hata kidogo, na ukiifungua sana amplifaya inavuma. Alikuwa yuko njiani kwenda kumshika muuzaji. "Amenipiga," akasema, "sindano imekufa." Nikamwuliza ameichomeka wapi. Akajibu AUX, kwa kuwa PHONO ni mbovu, babu aliambiwa zamani na injinia.

Nilikwenda naye. Kutoka kwenye gramafoni ulining'inia waya wa tatu, mwembamba, wenye kichwa cha uma, ambao hakujua auweke wapi. Nikaibandua tepu. Gundi ilikuwa imegeuka kama asali iliyochacha, ikabaki vidoleni. Nikachomeka PHONO, nikalegeza ile skrubu, nikaupitisha ule uma, nikakaza. Mvumo ukanyamaza. Kisha nikamweleza yote, kuanzia lenzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Na huyo mwenye duka la kwanza yupo?"

Yupo. Duka lilifungwa siku nyingi. Sasa anauza vifaa vya simu kwenye kibanda. Nilimfuata na bahasha yenye ile nusu ya bei. Akazihesabu, akanikumbusha kwa utulivu kwamba shilingi ya wakati ule ilinunua zaidi, akanitajia na kiasi alichoona ni haki. Nikaongeza. Akasema: "Nilimwambia mzee, rudi ukatazame plagi imechomekwa wapi. Akanijibu injinia keshatazama."

Nikadhani tumemaliza, nikanyoosha mkono. Hakuupokea. "Pesa nimezipata," akasema. "Lakini mimi sikutukanwa ndani ya bahasha. Nilitukanwa mbele za watu."

Barazani kwetu nimeshasema, Ijumaa baada ya sala, na waliokuwepo dukani siku ile wawili wamebaki na wote walinisikia. Haya ninayoyaandika ni kwa waliohama. Jina lake silitaji kwa sababu amenikataza. Watu wa Ngamiani watamjua.