Swichi ya Mlango, Kutoka Kwenye Nguzo Hadi Ndani ya Kitasa

Nilipoanza kujifunza umeme wa magari kwenye gereji ya Mjomba, pale Ngamiani, Tanga, swichi ya mlango ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Unafungua mlango, unaikuta kwenye nguzo: kitufe chenye springi ndani, kimekazwa kwa skrubu moja kwenye bati la bodi. Mlango ukifungwa unakibonyeza, ukifunguliwa kinatoka. Nyuma yake kuna waya mmoja tu. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu ya paa, unashuka na waya ule hadi kwenye kitufe, na kitufe kikitoka kinauunganisha na bodi, yaani ethi. Taa inawaka.

Mjomba alikuwa na namna moja ya kupima. Anafungua skrubu, anavuta kitufe na waya wake, huku mkono wa pili umeubana waya kwa koleo, maana ukiteleza na kuzama ndani ya nguzo utautafuta mpaka adhuhuri. Anauchomoa kwenye kitufe, anakwangua rangi kidogo kwenye bati, kisha anaugusisha hapo. "Imewaka?" ananiuliza bila kuinua kichwa. Ikiwaka, balbu ni nzima na waya ni mzima, ugonjwa uko kwenye kitufe. Isipowaka, kitufe kinawekwa pembeni na tunaanza kuufuata waya kuelekea juu. Mguso mmoja, na nusu ya gari tumeshaachana nayo.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa chumvi. Upepo wa bahari hauna huruma na bati, na skrubu ile moja ndiyo ilikuwa ethi ya swichi nzima. Ikishakaa juu ya kutu, kitufe hata kingekuwa kipya kisingefanya kazi. Kipande cha msasa, grisi kidogo, rudisha. Mlango ulioshuka kwa kulegea bawaba nao haukukifikia kitufe sawasawa, kwa hiyo taa haikuzimika, na wenye magari wengi waliona rahisi kuchomoa balbu tu. Mjomba hakutoza kitu kwa kazi hiyo kama mtu alikuwa amekuja kwa jambo lingine.

Magari ya mtumba ya Kijapani yalipoanza kumiminika miaka ya 1990, kitufe kilivalishwa mpira, kikaongezwa kwenye milango ya nyuma, na kwenye dashibodi ikaja taa nyekundu yenye picha ya gari lililofunguliwa milango. Kipimo cha Mjomba kiliendelea kutosha.

Kilipokoma kutosha nilikuwa nimeshahamia Dar es Salaam, nafanya kazi maeneo ya Gerezani, na magari ya Ulaya yameanza kutufikia kwa wingi. Unafungua mlango, nguzo ni bati tupu. Kuna pini ya chuma ambayo kitasa huikamata, basi. Swichi imehamia ndani ya kitasa chenyewe.

Ukikitazama kitasa kwa ubavu wa mlango utaona ulimi wa chuma wenye umbo la uma. Mlango ukija, pini inaingia kwenye uma, uma unazunguka, na kidole cha chuma kinauzuia usirudi. Una hatua mbili: ya kwanza inashika nusu, ya pili ndiyo kufunga kwa kweli. Swichi ndogo, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, imekaa ndani inaufuatilia uma huo. Kwa hili nawapa waliolibuni heshima yao. Kitufe cha nguzo kilijua tu kwamba mlango umekaribia bodi. Mlango ulioshikwa nusu uliweza kukibonyeza, taa ikazimika, na mtoto akaegemea mlango ambao haukuwa umefungwa. Swichi ya kitasa inaulizwa swali lenyewe: je, umekamatwa?

Pamoja na hayo, waya wake hauendi tena kwenye balbu. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza mfumo wa mawasiliano wa CAN, unaoyawezesha maboksi ya kompyuta ndani ya gari kuzungumza kwa jozi moja ya nyaya, na kadiri magari yalivyoupokea, mlango uliacha kuwasha taa kwa nguvu zake. Sasa unatoa taarifa kwenye boksi, na boksi ndilo linaloamua taa iwake, king'ora kilie, au milango ikatae kujifunga kwa rimoti.

Chombo cha kwanza kustaafu kilikuwa testa ya balbu, ambayo kila fundi umeme alitembea nayo mfukoni. Boksi hutuma kwenye swichi umeme wa miliampea chache tu, na hizo haziwezi kuiwasha balbu ya testa. Ukigusa waya mzima kabisa, testa inakaa kimya, na asiyejua atasema waya umekatika. Mita ya dijitali yenye ukinzani wa megaohmu 10 haivuti kitu, inasoma tu. Niliwaona mafundi hodari wa zamani wakiukata waya mzima vipande vipande kwa sababu ya balbu ile, na iliniuma, kwa kuwa walikuwa watu wenye mikono na akili. Ni chombo ndicho kilichokuwa kimepitwa na wakati.

Kazi iliyonifundisha zaidi ililetwa na mama mmoja mwalimu wa sekondari, na gari lake dogo la Kijerumani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hili gari halinipi usingizi. Likilala nje, saa nane za usiku king'ora, majirani wote macho."

Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba anunue kitasa kipya cha mlango wa dereva, na bei aliyotajiwa haikuwa ya mshahara wa mwalimu. Karatasi ya kompyuta alikuwa nayo mkononi, imeandikwa kwamba saketi ya mlango ina hitilafu. Hilo lilikuwa kweli. Lakini saketi inaanzia kwenye boksi, inapita kwenye nyaya za bawabani, inaingia kwenye plagi, inafika kwenye swichi, inarudi ethi. Karatasi haikusema ni wapi kati ya hapo.

Niliacha mlango wazi nikazungusha uma wa kitasa kwa bisibisi mpaka ukalia mara mbili. Kwa gari, huo ni mlango uliofungwa. Taa ya paa iliendelea kuwaka. Kwa hiyo bawaba hazikuwa na kosa, wala pini ya nguzo haikuhitaji kusogezwa, kwani mlango wenyewe haukuhusika tena. (Anayejaribu jambo hili akumbuke kuvuta mkono wa mlango ili uma urudi kabla hajafunga, vinginevyo chuma kitakutana na chuma.) Baada ya hapo nikakagua mpira ulio kati ya nguzo na mlango, kwani nyaya zilizomo humo hupinda kila mlango unapofunguliwa na ndipo hupenda kukatika. Nilifungua na kufunga mlango taratibu huku mita imeunganishwa. Namba haikuyumba.

Nikatoa paneli ya mlango, klipu moja baada ya nyingine, nikaifikia plagi ya kitasa. Katika gari lile, waya wa taarifa ulitakiwa kushuka karibu na sifuri uma unapofunga. Watengenezaji hawafanani, wengine wameugeuza mpango huo. Uma ulikuwa umefunga, na mita inasoma volti 11 na ushei. Nikachomoa plagi. Nikaufungua mchoro wa nyaya nikahakikisha pini zangu mara mbili, kwa sababu plagi hiyohiyo inapitisha umeme wa mota ya kufungia, na kuunganisha pini zisizohusika ni kuchoma fyuzi au boksi lenyewe. Kisha nikaunganisha pini ya taarifa na pini ya ethi kwa kipande cha waya.

Taa nyekundu ya dashibodi ikazimika, na ya paa ikafifia taratibu.

Ule ulikuwa mguso wa Mjomba. Waya kwenye ethi, na gari linajibu. Boksi zima, nyaya nzima, plagi nzima. Ugonjwa uko ndani ya kitasa. Sikuwa nimewahi kuona wazi namna ile kwamba alichonifundisha Ngamiani hakikuwa habari ya kitufe.

Ndani ya kitasa kile, chini ya kifuniko cha plastiki, kulikuwa na kibao kidogo cha saketi chenye swichi zake. Niliazima lenzi kwa fundi redio wa jirani. Kwenye mguu mmoja wa swichi, lehemu ilikuwa imepasuka kwa duara jembamba kuuzunguka mguu wote, ufa ambao jicho tupu haliuoni. Kila mlango unapobamizwa, lehemu hiyo ndiyo inayoshika swichi isiruke, na chuma huchoka. Usiku bati linapopoa, ufa unaachana. Boksi linaona mlango umefunguliwa na funguo haipo, nalo linapiga kelele kama lilivyoagizwa. Nilinyonya lehemu ya zamani, nikaweka mpya kwenye miguu yote, si uliopasuka peke yake, nikaziba kifuniko kwa silikoni vumbi na maji yasiingie. Mama yule alilipa ufundi, hakulipa kitasa.

Tangu hapo nimefungua vitasa vingi, na si vyote vilivyopasuka lehemu. Vingine miguso ya swichi imefunikwa na utando wa oksidi au grisi iliyokauka, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Balbu ya paa ya wati 10 ilivuta karibu ampea 0.8 kupitia kitufe cha nguzo. Umeme huo, pamoja na cheche ndogo ya kila kufungua, ulikuwa unausafisha mguso wenyewe. Miliampea chache za boksi haziwezi kuutoboa utando. Swichi ya zamani ilijisafisha kwa kufanya kazi. Ya sasa inachafuka hata kama hakuna aliyeikosea. Dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso ya umeme, ikipulizwa ndani ya kitasa huku uma unafunguliwa na kufungwa kwa bisibisi, huponya baadhi yake, na ndiyo ninayoanza nayo kabla ya kugusa paneli.

Betri nayo imebadilika tabia kwa ajili ya swichi hii. Taa ya paa ya ampea 0.8 ikiachwa usiku kucha, saa 10, inakula kama ampea-saa 8. Betri nzima ya 45 itaamka na kuwasha injini. Lakini boksi linaloamini mlango uko wazi halilali, na linaposhindwa kulala linawaweka macho wenzake. Gari lililolala vizuri mara nyingi huvuta chini ya miliampea 50. Likikesha linaweza kuvuta ampea nzima na zaidi, mbali na taa. Nimewakuta watu wamebadilisha betri, kisha alteneta, na kumbe mwizi ni kitasa.

Kuna njia ya mkato ambayo sitaikubali, nami nimegombana na wenzangu hadharani juu yake: kukata waya wa taarifa na kuufunga ethi moja kwa moja ili gari liamini daima kwamba mlango umefungwa. Taa inazimika, king'ora kinanyamaza, mteja anaondoka anashukuru. Ameondoka na gari ambalo halitamwambia kitu mlango wa nyuma ukiwa umeshikwa nusu kwenye barabara ya Morogoro, na watoto wamekaa nyuma. Dashibodi kimya si ushahidi kwamba gari limepona. Anayeleta gari lililofanyiwa hivyo namwonyesha waya wenyewe, aone alicholipia.

Vijana wa sasa wanakuja na kisomaji cha kuchomeka chini ya usukani na simu mkononi. Nawapenda kwa wepesi wao. Ninawaambia tu kwamba vile vya bei nafuu husoma misimbo ya injini, inayoanza na herufi P. Ya mlango inaanza na B, na hawataiona bila mashine inayofika kwenye boksi la bodi. Kijana anayejifunza kwangu nilimkabidhi mita kabla ya mashine. Alinung'unika, na bado hunung'unika.

Tunalobishana zaidi siku hizi ni vitasa vya mtumba, vinavyoletwa kutoka Japani na Sharjah. Yeye anasema kununua na kubadilisha ni haraka kuliko kulehemu, na kwa saa zinazotumika ana hoja. Mimi namwambia kitasa hicho kimetoka kwenye gari la umri uleule, kimebamizwa miaka ileile, na lehemu yake ni ileile. Kwa hiyo tumekubaliana: kikinunuliwa, kinaunganishwa na mita kwanza kikiwa mezani, uma unazungushwa kwa bisibisi hatua zote mbili, kinagongwa kwa mpini wa nyundo huku namba inatazamwa. Namba ikiruka, kinarudi dukani kabla mlango haujafunguliwa.