Mshairi Aliyenyimwa Njia

Nalipotoka katika shule yetu hii nia yangu ilikuwa moja tu, kusafiri kisha kuandika. Badala yake nalipelekwa kufundisha kijiji cha milimani, ambako basi lilifika mara moja kwa juma. Nikanung'unika mwaka mzima. Mwaka huo ndipo niliposoma habari za Nasir Khusraw.

Huyu alikuwa Mwajemi, aliyezaliwa mwaka 1004, naye alikuwa karani wa hazina huko Marw. Alipopata umri wa miaka 40 na kitu aliota ndoto, akaacha ulevi na kazi, na mwaka 1046 akaondoka pamoja na ndugu yake na kijana mmoja wa Kihindi. Walizunguka miaka saba. Kitabu chake cha safari, Safarnama, hakina mashairi mengi. Ni maneno ya karani anayehesabu kila kitu. Yerusalemu alitaka kuupima uwanja wa msikiti, akakuta vipimo vyake vimeandikwa ukutani.

Huko Falaj, jangwani Arabuni, walikwama miezi minne bila fedha, wana makapu mawili ya vitabu ambavyo hapana aliyevitaka. Siku moja alichukua rangi nyekundu na buluu akaandika ubeti katika ukuta wa msikiti. Wenyeji wakastaajabu, wakamtaka aipambe mihrabu, wakamlipa tende. Ni washairi wachache waliopata kuula ubeti wao namna hiyo!

Walipofika Basra walikuwa matambara matupu. Wakaenda hamamuni, wakafukuzwa kama wendawazimu, na watoto wakawatupia mawe. Kisha waziri mmoja akawapa dinari 30 za nguo. Waliporudi hamamu ile ile, watu wote waliinuka kuwapokea.

Mimi nadhani mashairi yake yalizaliwa pale mlangoni, ingawa aliyatunga baadaye sana. Maana huko Misri alikuwa amefuata madhehebu ya Ismailia, na aliporudi Balkh mwaka 1052 akaanza kuyahubiri, watu wakamwandama hata akakimbilia bonde la Yumgan, katika milima ya Badakhshan. Hakutoka tena mpaka kufa. Humo ndimo alimotunga sehemu kubwa ya diwani yake. Autuma upepo umpelekee salamu Khurasan; awakemea washairi wanaowasifu wafalme ili wapewe dinari. (Khalifa wa Misri alimsifu, naam, lakini huyo alikuwa imamu wake.) Mtu aliyekwisha kuona watu wakiiinukia kanzu, atamsifuje mfalme?

Basi nalikuwa nimemwonea kijicho kwa safari zake, kumbe alikuwa amefungiwa milimani kama mimi, tena zaidi, kwani mimi nalikuwa na basi la Jumamosi. Jioni ile nalichukua daftari, nikahesabu hatua kutoka mlangoni kwangu mpaka mtoni. Zilikuwa 412. Nikaziandika, na jina la mama niliyemkuta akiteka maji, na bei aliyoniambia ya mahindi.