Dakika Moja

Shule niliyoanzia kazi ya ualimu iko upande wa Bungoma, mwendo mfupi kutoka barabara itokayo Kitale, ikapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye. Ni nchi ya mahindi na miwa, na asubuhi isiyo na ukungu Mlima Elgon huonekana wote tangu kilele hata miguu. Mimi ni mzaliwa wa Kitale. Nilifika shuleni hapo na cheti cha chuo cha ualimu, sanduku moja la nguo, na fahari iliyozidi maarifa yangu.

Mwaka 2016 nilipewa darasa la pili, lenye watoto 68. Mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa imeanza mpango wa Tusome katika shule za msingi za umma nchini kote, kwa msaada wa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani. Kwa mpango huo kila mtoto alipata kitabu chake mwenyewe cha kusomea. Ninyi vijana msomao kitabu hiki labda hamtaona ajabu. Lakini mimi nilipokuwa mtoto tulisoma watano kitabu kimoja, na aliyeketi mbele ya meza alijifunza kusoma maneno yakiwa yamepinduka. Mwalimu naye alipewa mwongozo wa masomo. Na maafisa wa mtaala, ambao kazi yao ni kuzunguka shule za kanda na kuwashauri walimu, walipewa tableti. Wataalamu wa lugha wamekiita chombo hicho kishikwambi, na jina hilo sasa nimelizoea. Ila siku ile watoto waliokiona kupitia dirishani walikiita simu kubwa, wala hawakukosea sana.

Nataka niwaeleze siku hiyo, maana hata leo nikiikumbuka uso hunipata joto.

Afisa alikuja kwa pikipiki, kanzu yake ya mvua imejaa matope. Alikuwa mtu mzima, Mbukusu wa huko huko, mpole wa maneno. Aliketi nyuma ya darasa, akakipakata kishikwambi chake, nami nikaanza somo la Kiswahili. Niseme kweli, nilifundisha kwa madaha. Nilisoma ukurasa kwa sauti kubwa, kisha watoto 68 wakausoma pamoja nami, na sauti zao zikalijaza darasa kama kwaya ya Jumapili. Mwalimu mkuu alipita nje akatabasamu. Kila mara afisa aligusa kioo kwa kidole, na kila alipogusa nilijihesabia sifa moja.

Somo lilipokwisha alisema, "Mwalimu, niazime watoto watatu, tusomeshane kidogo."

Nikawaita kwa majina watoto wangu hodari, wale niliokuwa nikiwatoa mbele kila mgeni alipofika. Afisa akacheka taratibu, akasema hao wapumzike. Akahesabu mistari ya madawati mwenyewe, akachagua mmoja hapa na mmoja pale. Mara moyo wangu ukabadili mapigo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Mtoto hupewa kifungu cha hadithi asichopata kukiona, akasoma kwa dakika moja. Afisa hufuatisha maneno yale yale juu ya kioo, akagusa kila neno lililokosewa, na dakika ikiisha chombo chenyewe hutoa hesabu ya maneno yaliyosomwa sawasawa. Kwa Kiswahili, kipimo cha msomaji fasaha kilikuwa maneno 45 kwa dakika. Kwa Kiingereza kilikuwa 65. Tofauti hiyo isiwafanye mdhani kuwa Kiswahili kilidharauliwa. Neno moja letu, kama vile "hatujamwona", hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawia maneno kadhaa.

Mtoto wa kwanza alisoma vyema. Wa pili, mvulana, alisoma polepole, na kila palipoandikwa "gari" alisema "kari". Nilikitazama kidole cha afisa nikingoja kishuke. Hakikushuka. Baadaye alinieleza kwamba mtoto yule ameyajua maandishi, bali ulimi wake ni wa nyumbani. Chombo hakikuwa na habari ya Lubukusu. Kilijua kuhesabu miguso tu, na mgeni asiyeijua lugha ile angaliweza kumfelisha mtoto msomaji kwa kugusa mara nne au tano.

Wa tatu alikuwa binti mdogo, mtulivu, mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya yangu. Akapewa karatasi. Akaitazama, akajinyosha, akaanza kusema maneno kwa ufasaha, bila kukwama, kwa vituo na mikazo yangu mwenyewe. Afisa akainua kichwa. Nami nikagundua kwamba binti yule hasomi hadithi iliyo mkononi mwake. Alikuwa akikariri ukurasa tuliousoma pamoja asubuhi ile, neno kwa neno, na macho yake yalikuwa juu ya karatasi muda wote, yakienda kushoto na kulia kama macho ya msomaji.

Dakika ilipokwisha, afisa hakusema kitu. Alinigeuzia kioo nikaona: 0.

Nilikasirika. Nilikikasirikia chombo, nikaikasirikia na dakika moja yake. Je, mtoto mwenye kumbukumbu ya namna ile ni wa kuitwa sifuri? Nilisema hivyo, na zaidi. Afisa alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, katika somo lako, ni wakati gani mtoto mmoja alisoma peke yake?"

Mwongozo niliopewa ulikuwa umeagiza hatua tatu: mwalimu asome kwanza, kisha asome pamoja na watoto, kisha watoto wasome wenyewe. Mimi nilikuwa nikikoma kwenye hatua ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyopendeza masikioni. Mwaka mzima nilikuwa nikijisikiliza mwenyewe katika vinywa 68.

Juma lililofuata nilifanya ambalo ningalifanya mwezi wa kwanza. Kila alasiri nilibaki na watoto kadhaa chini ya mwarobaini, mmoja mmoja, simu yangu ndogo ikinihesabia dakika. Ilinichukua siku nane. Watoto 21 hawakuweza kusoma hata mstari mmoja, na kati yao walikuwamo saba ambao kadi zao za muhula nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, "Anasoma vizuri."

Binti yule aliishi na bibi yake, jirani ya nyumba niliyopanga. Bibi alikuwa na simu ya vitufe, na mwanawe aliyekuwa Nairobi alimpelekea fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007. Ujumbe ulipoingia, bibi alinijia jioni, akanipa simu kwa mikono miwili nimsomee: ni kiasi gani, na kimetoka kwa nani. Nilikuwa nikijiona mwema kwa kazi hiyo. Baada ya siku ya sifuri nilianza kuona haya, maana msomaji wake alikuwa awe ndani ya nyumba yake.

Tukaanza upya na sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno. Darasa halikupendeza tena. Palikuwa na kigugumizi, na kimya kirefu, na mwalimu mkuu alipopita nje hakutabasamu. Afisa alirudi mara mbili. Mara ya kwanza binti alisoma maneno 6. Mara ya pili, 19.

Siku hizi nafundisha Kitale, na vyombo vimezidi. Nimevitumia vishikwambi vya watoto wa madarasa ya chini, ambavyo serikali ilianza kuvigawa mwaka huo huo wa 2016, na alama za wanafunzi huzipeleka kwa mtandao kwenye Baraza la Mitihani, nikiwa nimesimama pale penye mawimbi mazuri. Huvishukuru, ingawa sijasahau kidole kilichokataa kushuka juu ya "kari".

Mwaka ulipokaribia kwisha, jioni moja, nilikumbuka kwamba bibi hajanijia miezi miwili. Nikamkuta uani anaanika mahindi.

"Kukhu," nikamwuliza, "mbona siku hizi huniletei simu? Mtoto wa Nairobi amekusahau?"

"Hajanisahau, mwalimu," akajibu, bila kuinua kichwa. "Yuko anayenisomea. Naye hapitishi hata senti bila kuitaja."