KUTOKA KITALE HADI BUNGOMA KWA BAISIKELI, NA KURUDI VOI KWA GARI LA MOSHI

Mtu atakaye kuijua nchi ya wenziwe na aipite kwa baisikeli, kisha arudi kwao kwa gari la moshi. Juu ya baisikeli ataona shamba moja moja, atasalimiana na watu, na kila mlima atauhesabu kwa miguu yake. Ndani ya gari la moshi atapata nafasi ya kuyapima yale aliyoyaona. Nayaeleza haya kwa kuwa mwezi wa Agosti mwaka 1964 nilisafiri hivyo pamoja na mtoto wa mjomba wangu, na safari ile ilimpa jambo kubwa la kuamua.

Sisi sote tulikuwa makarani huko Voi, katika nchi ya Wataita. Tulipewa likizo ya majuma mawili, tukapakia baisikeli zetu katika gari la moshi mpaka Kitale. Binamu yangu alikuwa amechoka na kalamu. Alisikia ya kwamba Trans Nzoia mahindi hustawi kupita mahali pengine pote katika Kenya, naye alitaka kuyaona kwa macho yake kabla ya kumwandikia bwana wake barua ya kuacha kazi.

KITALE NA MBEGU MPYA

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikitoka Leseru karibu na Eldoret, mwendo wa maili zipatazo 40. Mji umekaa juu, yapata futi 6,200 kutoka usawa wa bahari, na upande wa magharibi Mlima Elgon umelala kama mnyama mkubwa aliyejinyosha. Mwezi wa Agosti mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo, nayo yameanza kutoa mbelewele. Tulipanda baisikeli hadi Endebess, chini ya mlima, na njia nzima binamu yangu alikuwa akishuka na kuyashika majani kwa mkono.

Mwaka ule ndio mbegu iitwayo Hybrid 611 ilipotolewa kwa wakulima. Wataalamu wa Kitale walianza kazi hiyo mwaka 1955. Walichukua mahindi yaliyochaguliwa katika mashamba ya Kenya, wakayazalisha pamoja na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, katika Amerika ya Kusini. Mtoto aliyezaliwa aliwashinda wazazi wake wote wawili kwa mavuno. Lakini mbegu hiyo ina sharti lake: mkulima akiweka punje za mavuno yake na kuzipanda tena, nguvu yake hupungua. Kwa hiyo imempasa kununua mbegu mpya kila mwaka. Binamu yangu alinunua ratili 10, akazifunga katika mfuko nyuma ya baisikeli, wala hakukubali nimsaidie kuzibeba.

NJIA YA BUNGOMA

Kutoka Kitale tulipita Kiminini, tukafika Kamukuywa, kisha tukashika njia ya Kimilili na Chwele. Hapo nchi hubadilika. Mashamba makubwa ya walowezi yaliishia nyuma yetu, na mbele tukaona mashamba madogo ya Wabukusu: mahindi, wimbi, maharagwe, migomba, na kwenye miteremko ya Elgon, kahawa. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ya alasiri ilipokunya tope lilishika magurudumu hata ikatubidi kuzibeba baisikeli mabegani. Nilipata pancha mbili karibu na Chwele. Kijana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe alituletea karai la maji tutafutie tundu, akakataa senti zetu, akataka tumweleze bahari ikoje.

Bungoma iko chini kuliko Kitale kwa futi zaidi ya 1,500, na mwili huona joto mara moja. Tulifika jioni ya siku ya nne, tukiwa na vumbi hata kwenye kope. Stesheni tulimkabidhi gadi baisikeli zetu, tukakata tikiti za daraja la tatu, na usiku wa manane gari la kutoka Kampala likaingia.

USIKU NA ASUBUHI KATIKA BEHEWA

Reli hii ya Uganda ilifika Kampala mwaka 1931. Kabla ya hapo abiria wengi wa Kampala walishuka Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, wakavuka Ziwa kwa meli. Behewa letu lilijaa watu wa Uganda na wa Kenya, kuku katika matenga, na ndizi za mtu aliyekuwa akienda harusini Nakuru. Tulipita Broderick Falls, ambayo leo ni Webuye, tukasikia mto Nzoia gizani bila kuuona.

Lugari alipanda mzee mmoja mwenye koti refu. Huko serikali ilikuwa ikiwagawia Waafrika mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Kulipopambazuka karibu na Eldoret aliuona mfuko uliokuwa miguuni pa binamu yangu.

"Shikamoo, mzee," binamu yangu akasema. "Ni mbegu mpya ya Kitale. Nakwenda kuipanda kwetu Voi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu mvua hunyesha miezi mingapi?"

"Bondeni haizidi miwili, mzee. Milimani huzidi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mbegu hiyo ni ya nchi ya mvua ndefu. Sisi huipanda mwezi wa Machi, na kuvuna ni Oktoba. Ukiipanda bondeni itakauka ingali inachanua."

Binamu yangu akanyamaza. Nilijua anaifikiria ile barua, maana alikuwa amekwisha kuiandika, nayo imo mfukoni mwa koti lake. Ndipo mzee akatuambia ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa karani miaka 12 kabla ya kupata shamba. "Shamba langu si zawadi," akasema. "Nina deni la serikali, na deni haliulizi kama mvua imenyesha. Usiache kazi kwa sababu ya mbegu, mwanangu. Ipande milimani kwa mama yako, mistari michache, kando ya mahindi yenu ya zamani. Ukiona tofauti kwa misimu miwili au mitatu, hapo utajua unaacha nini na unashika nini."

Tulifika Timboroa, stesheni iliyo futi 9,001 juu ya bahari. Baridi ilikuwa kali hata madirisha yote yakafungwa, na wanawake walituuzia viazi vya moto. Muda si mrefu gari likapita mstari wa Ikweta, likaanza kuteremka Bonde la Ufa. Nakuru mzee akashuka, akatuaga kwa mkono. Nairobi tulilala kwa jamaa yetu, na usiku wa pili tukapanda gari la Mombasa. Lilivutwa na injini moja ya aina ya 59, zile 34 zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Tulishuka Voi kabla ya jua.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Barua ile haikupelekwa. Mwezi wa Novemba binamu yangu alipanda mbegu zake milimani, karibu na Wundanyi. Zilichelewa kuiva kuliko mahindi ya kienyeji, ila mahindi yake yalikuwa makubwa zaidi. Mwaka 1967 aliacha kazi bila deni, akiwa anajua shamba lake.

Shirika la reli la Afrika ya Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, na mwaka uliofuata Kenya ikawa na shirika lake. Injini za aina ya 59 zimestaafu. Mojawapo, namba 5918, Mount Gelai, imo katika makumbusho ya reli Nairobi. Gari la abiria la Kisumu lilirudi mwezi wa Desemba mwaka 2021, lakini mtu wa Kitale au Bungoma aendaye Nairobi siku hizi hupanda basi.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia sifa za mbegu au za kazi ya nchi nyingine, nenda ukaione. Lakini ukiwa njiani kurudi, muulize aliyekwisha kuijaribu, nawe mweleze bila kuficha jinsi mvua ya kwenu ilivyo.