Tulicheka "Wakanda foleni", kumbe mtoto hasikii

Juni mwaka jana nilikuwa Katesh, wilayani Hanang, kikazi. Nilipomaliza nikapanda kwenda Dongobesh, Mbulu, kwa dada yangu, maana shule zilikuwa zimefungwa na nilitaka kukaa na watoto. Baridi ya Mbulu ya mwezi huo wenyeji mnaijua. Saa moja usiku kila mtu yuko ndani na shuka begani.

Mpwa wangu wa miaka minane akachomeka flashi kwenye runinga. Filamu ilikuwa Black Panther, ile iliyotoka mwaka 2018, ambayo Lupita Nyong'o wa Kenya ameigiza. Kuna mahali wahusika wanakunja mikono kifuani na kusema kwa Kiingereza "Wakanda forever", yaani Wakanda milele. Mpwa wangu akaruka kutoka kwenye kochi, akakunja mikono, akapaza sauti: "Wakanda foleni!"

Tulicheka mpaka machozi. Mimi na kazi yangu ya kuandika habari za afya, nikaanza uchambuzi. Nchi ina madini ya ajabu, inatibu jeraha la risasi kwenye uti wa mgongo kwa siku moja, na bado wananchi wanapanga foleni? Lakini ushahidi upo: nenda kituo chochote cha afya Jumatatu asubuhi, uone watu walivyokunja mikono kifuani wakisubiri kuitwa. Shemeji naye akachangia kwamba yule jemadari Okoye jina lake ni "aokoe" lililokatwa kichwa, ndiyo maana kazi yake ni kuokoa wenzake.

Bibi, aliyekuwa kimya kwenye kona, aliposikia wahusika wakiongea lugha yao akauliza, "Hao Wahadzabe wa Yaeda Chini wamefikaje huko?"

Tukacheka tena, ila bibi hakuwa mbali. Lugha ile ni Kixhosa cha Afrika Kusini, kwao John Kani, aliyeigiza mfalme T'Chaka. Kixhosa kina vidoko, zile sauti za kugongesha ulimi, na Kihadza nacho kinazo, ingawa wataalamu hawajathibitisha undugu kati ya lugha hizo mbili. Masikio ya bibi yalikuwa mazima kabisa.

Yasiyokuwa mazima yalikuwa ya mtoto.

Kesho yake dada alimtuma sahani, akaleta sabuni. Nikacheka, nikaandika kwenye simu pamoja na "foleni". Mchana akaambiwa afunge banda la kuku, akaitikia "ndiyo" na kuendelea kucheza. "Huyu mtoto hasikii," dada akasema kwa hasira. "Hata mwalimu wake analalamika. Wiki iliyopita nimemchapa kwa ukaidi huu huu."

Neno hilo likanishika. Kwa Kiswahili chetu, mtoto mkaidi na mtoto mwenye tatizo la masikio wote tunasema "hasikii". Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akizidisha sauti ya runinga, na jinsi alivyokuwa akinigeuzia upande wa kushoto kila nilipomwita. Nikasimama nyuma yake upande wa kulia, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikahamia kushoto, nikamwita tena. "Naam, mama mdogo?"

Dada alikaa chini, akashika kichwa.

Hospitali daktari alikuta usaha kwenye sikio la kulia, na ngoma ya sikio imetoboka. Dada akakumbuka mafua ya muda mrefu na majimaji yaliyokuwa yakilowesha mto. Alikuwa akidondoshea mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu, kama tulivyofanyiwa sisi. Daktari alisafisha, akatoa dawa, akakataza maji, mafuta na pamba za vijiti, akapanga siku ya kurudi kupimwa usikivu.

Nasema haya kwa aibu. Nimeandika zaidi ya mara moja kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazozuilika. Na bado nyumbani kwetu nilikusanya vichekesho vya mtoto badala ya kujiuliza kwa nini anasikia hivyo.

Mzazi, mwanao akiuliza "nini?" kila mara, akikaa karibu sana na runinga, akichelewa kuongea, au sikio likitoa majimaji, usichape kwanza. Mwite kutoka nyuma, kila upande kwa zamu. Ukiona shaka, mpeleke akapimwe, na hata akikupita jaribio hilo, sikio linalotoa majimaji ni la daktari.

Mwezi Agosti niliwapigia. Dada akasema sikio limekauka, na mwalimu amemhamishia dawati la mbele. Mtoto akachukua simu, nikamuuliza wanasemaje kule Wakanda.

"Foleni," akajibu. "Lakini mama mdogo, hata bibi anasikia hivyo hivyo."