Salme Hakuwa na Naomi

Filamu ya Love Is a Many-Splendored Thing ya mwaka 1955 huhesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za mapenzi za Hollywood. Daktari mwanamke, nusu Mchina nusu Mzungu, anampenda mwandishi wa habari wa Kimarekani huko Hong Kong. Mwisho wake hauridhishi. Daktari mwenyewe anaigizwa na Jennifer Jones, Mmarekani. Na kabla wawili hao hawajaoana, mwanamume anauawa katika vita vya Korea. Mauti yanawaepusha na mtihani. Hatuwaoni wakila na wakwe, wala wakiamua mtoto afundishwe sala ipi.

Sisi wa Unguja tunakijua kisa ambacho mtihani wake haukuepukika. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alipohamia Mji Mkongwe, jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakapendana, akapata mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa. Wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwachia watoto watatu wadogo.

Barua zake zilizochapishwa baada ya kifo chake zinaonyesha upweke wa roho: dini aliyolelewa nayo ameiacha, na ile mpya haijakaa moyoni. Aliporudi Unguja mwaka 1885, kaka yake, Sultani Barghash, hakukubali kuonana naye. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani ya kwao.

Wapo wanaosema hayo ndiyo malipo ya kuacha dini ya wazee. Wapo Wakristo wanaojivunia ubatizo wake. Mimi naona swali linatuangukia sisi kanisa: baada ya maji kukauka, nani alikuwa naye?

Maneno ya Ruthu tunayapenda sana arusini, lakini hakumwambia mume. Alimwambia Naomi, mkwewe. Mwanamke huyo wa Moabu alimpata Mungu wa Israeli kwa sababu alikuwa na mama wa kutembea naye njiani, na shamba la kuokota masuke alikofika. Salme alipewa jina jipya na cheti cha ndoa.

Ndoa za namna hii bado zipo visiwani kwetu. Anapokuja kijana kubatizwa majuma machache kabla ya arusi, tusimtafutie mdhamini wa kutia sahihi kitabuni tu. Tumtafutie Naomi. Siku ya Idi, nduguze watakapokusanyika bila yeye, awepo mtu wa kanisa wa kubisha hodi mlangoni pake.